Nembo za Ijumaa ya Samaki

Sura ya Nne

Paka walikuwa bado wanalamba magari.

Sajini Lorna Haverdink, mpelelezi wa polisi wa kaunti, alisimama langoni pa ukumbi wa chama cha wafanyakazi wa Brannock akawatazama. Walikuwa watatu, kila mmoja amekalia bampa la gari lake, ulimi unapanda na kushuka kwenye mlango wa buti. Mmoja mwekundu, sikio moja pungufu, alimaliza gari la kwanza, akashuka, akaenda la pili kama mtu anayesoma mita za maji.

"Wiki nzima sasa," alisema mzee Chet Nowicki, msimamizi wa maegesho. "Nimewafukuza kwa bendera, nimewafukuza kwa koleo la theluji. Wanarudi tu."

Alikuwa amevaa kizibao chake cha rangi ya chungwa juu ya koti, chupa ya chai kwapani, na alisimama ameegemea mguu wa kulia kama anavyosimama siku zote. Juu ya kichwa chake bango la lango lilisema: HARLAND TU. MENGINE YATAVUTWA.

"Na mimi nitavutwa?" Lorna aliuliza. Gari lake la polisi halikuwa Harland.

"Gari la serikali ni kama la wagonjwa na la maiti, mama. Linapita. Lakini liweke kule mwisho, watu wasilione wakiwa wanakula."

Mjini Brannock kila mtu amefanya kazi kiwanda cha magari cha Harland, au ameolewa na aliyefanya kazi Harland, au amezikwa kwa pensheni ya Harland. Na Ijumaa iliyopita, watu hao walipokuwa ndani wanakula samaki wa Kwaresima, mtu alipita nyuma ya magari yao akabandua jina hilo kwenye kila buti. Hakukwaruza rangi. Hakugusa kingine chochote. Watu walitoka wameshiba, wakakuta magari yao yako uchi.

Lorna aliegesha kule mwisho. Kabla ya kuingia ndani alipita tena kati ya safu za magari ameinama, kama alivyofanya Jumamosi. Baridi haikuwa imelegea hata siku moja, kwa hiyo ushahidi ulikuwa umelala palepale ulipodondoka: nyuma ya kila nafasi ya gari, kibonge cha barafu ya rangi ya kahawia. Aliangalia safu ya kwanza, akaangalia ya pili. Mahali pamoja tu, kando ya lango, chini ya uzio, theluji ilikuwa nyeupe pe.

Alichokoa kibonge kimoja, akakitia kwenye chupa tupu ya jamu, akaenda jikoni.

*

Jikoni mafuta yalikuwa yameanza kupata moto. Irena Mazurek alikuwa anapaka samaki unga, mikono yote miwili myeupe hadi viwikoni. Asubuhi Irena hukaa mapokezi kwa daktari wa meno. Ijumaa za Kwaresima jiko la ukumbi ni lake, kama lilivyokuwa la mama yake kabla yake, na ufunguo wa jiko hilo ulining'inia shingoni mwake kwa utepe mwekundu.

"Umekuja kuuchukua?" aliuliza bila kugeuka.

"Mimi si kamati, Irena."

"Kamati ya ukumbi inakaa saa kumi. Verlin mwenyekiti ameshaniambia niuoshe kwanza kabla ya kuurudisha, eti unanuka samaki."

"Unanuka kweli?"

"Unanuka. Ungenuka nini, maua?"

Lorna alivuta kigoda akakaa karibu na jiko, akaweka chupa ya jamu pembeni ya moto. "Tupitie tena. Kwenye theluji tumeokota vipande vya uzi wa kusafishia meno, wenye mnanaa."

"Wangu."

"Kwenye mabuti kuna mafuta ya kukaangia samaki. Ndiyo yaliyowaleta paka wale."

"Yangu."

"Na nembo moja ya Harland imekutwa nyuma ya birika la kahawa, ukumbini."

"Birika langu," alisema Irena. "Na sababu ninayo pia, usiisahau. Mwezi uliopita walimvuta dada yangu na Kestrel yake, gari la wapinzani, mpaka ng'ambo ya barabara, kwa dobi wa mashine, mtoto wake amelala ndani."

"Siku hiyo ulisema nini?"

"Nilisema nitawang'olea hilo jina lao, moja baada ya jingine."

"Mbele ya nani?"

"Foleni nzima ya samaki. Padri alikuwa wa nne."

"Ulimaanisha?"

"Siku ile, ndiyo." Irena aligeuza samaki. "Halafu ikaja foleni ya mkate nikasahau."

"Na huo uzi?"

"Daktari ananipa bure. Ninauweka kikapuni pale mlangoni kwa sababu samaki wana miiba na watu hawana adabu, wanachokoa meno kwa uma. Kila mtu Brannock ana uzi wangu mfukoni. Ukimpekua padri utaukuta."

Barafu ilikuwa imeyeyuka. Lorna alimsogezea chupa. "Nusa."

Irena alinusa, akarudisha kichwa nyuma. "Hiyo kahawa. Tena yangu."

"Una hakika?"

"Nani mwingine anaiunguza hivyo?"

"Jumatano nilikwenda kwa muuza vyuma chakavu," alisema Lorna. "Akanipa buti la Harland kuukuu. Nikapitisha uzi nyuma ya nembo, nikakata kama msumeno. Uzi ukakatika. Nikajaribu mara ya pili, ukakatika. Baridi hii inaifanya gundi iwe mfupa. Nikamwagia maji ya moto, nikahesabu kidogo, uzi ukapita kama kisu kwenye siagi. Kilichobaki ni utando wa gundi, nao unatoka ukiusugua kwa mafuta ya kula. Bila joto, Irena, hubandui kitu. Sasa niambie. Ijumaa iliyopita kahawa ilitosha?"

Irena aliacha samaki. "Iliisha kabla ya pai."

"Si kawaida?"

"Sajini, kahawa ile haijawahi kuisha tangu mama afariki. Watu wanachukua kikombe kimoja kwa heshima, wanakizungusha tu mkononi. Kila Ijumaa ninamwaga birika nusu. Ilipoisha nilifurahi, nikasema, hatimaye wameizoea."

"Hapa jikoni una maji ya moto?"

"Bomba hilo hapo. Linanyonyoa kuku."

"Basi wewe mwenye bomba hili, ungetoka jikoni, upite katikati ya watu wote, ukajaze kahawa ukumbini, kikombe kwa kikombe, kwenda kumwagia magari?"

Irena alifikiri. "Hata mimi sijui kwa nini nilitumia kahawa," alisema.

"Hukutumia."

"Aa. Afadhali."

"Mafuta yaliyotumika unayaweka wapi?"

"Nje, kwenye pipa, karibu na uzio. Mwenye nguruwe huja kuyachukua Jumamosi."

Lorna alisimama. Mtu wa jikoni angekuwa na maji. Huyu alikuwa na pipa la mafuta karibu naye na maji hakuwa nayo. Joto lake lote lilitoka kwenye bomba la birika, mahali ambapo mtu yeyote anaweza kujaza chombo na hakuna atakayemuuliza.

"Usiuoshe huo ufunguo bado," alisema.

*

Mwenyekiti wa kamati, Verlin Gustafson, alikuwa ukumbini anapanga viti vya kikao, vitano upande huu, kimoja upande ule.

"Hicho kimoja ni cha nani?" Lorna aliuliza.

"Cha Irena. Ni kikao cha haki, lazima akae."

"Wewe Ijumaa iliyopita ulitoka nje mara ngapi, bwana Verlin?"

Verlin alishika kiti hewani. "Mimi?"

"Watu watatu wamekuona. Ukiwa na kikombe."

"Nilitoka kuvuta sigara. Mke wangu asijue, tafadhali, anadhani niliacha Krismasi. Na kikombe kilikuwa cha majivu."

"Hukuchukua kahawa?"

"Ya Irena? Sajini, mimi nina vidonda vya tumbo, nina wajukuu." Aliweka kiti chini. "Nimekuwa mwenyekiti hapa tangu kiwanda kikiwa na zamu tatu. Ningemwaga kahawa juu ya Harland? Afadhali nimwage juu ya mama mkwe."

Lorna alienda mpaka kwenye kikombe cha majivu, kilichofichwa dirishani nyuma ya pazia. Vipande vya sigara vilikuwa vimejaa, vikavu, havijaonja hata tone. Alikirudisha.

"Ulipokuwa nje ulimwona nani?"

"Hakuna mtu. Kulikuwa na baridi ya kuua. Hakuna aliyekuwa nje."

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna. Chet tu."

"Chet si mtu?"

"Chet ni wa maegesho," alisema Verlin, kana kwamba ameulizwa kama mlingoti ni mtu. "Maskini, naye ndiye aliyeumia kuliko sote. Gari jipya kabisa, wiki yake ya kwanza, likavuliwa nembo. Na yeye ndiye aliyekuwa akizibandika pale kiwandani mpaka anastaafu. Nusu ya nembo za uwanja huu zilipita kidoleni mwake. Njoo uone gari lenyewe."

Walitoka. Chet alikuwa ng'ambo ya uwanja anaelekeza gari lililoingia, akirudi nyuma hatua kwa hatua, bendera juu. Gari lake lilikuwa kando ya lango, la buluu, limerudishwa nyuma hadi makalio yanagusa uzio. Verlin alifungua mlango wa dereva kwa heshima.

"Sasa sikiliza," alisema, akaufunga.

Tup.

"Umesikia? Mimi nimetundika milango ya Harland maisha yangu yote ya kazi. Ile sauti huwezi kuinunua. Mlango wa Kestrel unalia kama trei ya keki. Sikiliza tena."

Tup.

"Na kiti kinapata moto. Ijumaa ile baada ya mkasa tulikaa mmoja mmoja kumpa pole Chet. Mimi nilikaa kidogo. Nilimwambia, Chet, hapa tumejitahidi."

Lorna aliinama dirishani. Usukani ulikuwa umevalishwa soksi nene ya sufu, imefumwa kwa mkono, kijani na nyeupe, na katikati, mahali pa honi, ilikuwa imefumwa hadi ikaziba.

"Hii nini?"

"Dolores, mke wake, kamfumia. Vidole vinapata baridi."

"Kiti kina moto na vidole vina baridi." Lorna alitazama magurudumu. "Na vifuniko vya magurudumu?"

"Amevitoa, chumvi ya barabarani isivile. Mtu makini sana Chet."

Lorna alitazama chini ya uzio. Theluji nyeupe pe. Akatazama juu ya paa la ukumbi, jua lilikuwa limeshuka, linapiga uwanja kwa ubavu.

"Ita kamati yako," alisema. "Na Irena. Wote waje hapa nje."

"Kikao ni ndani."

"Leo kitaanzia nje."

*

Walikuja wamejikunyata, makoti hayajafungwa. Irena alikuja na aproni yake, unga mikononi, utepe mwekundu shingoni. Chet naye alisogea, kwa sababu palipo na watu kwenye uwanja wake lazima awepo.

Lorna alitoa kitambaa, akaanza na gari la Verlin. Alisugua chumvi na mate ya paka kwenye buti mpaka rangi ikatokea, kisha akasogea jua lisizibwe.

"Soma hapo, bwana Verlin."

Verlin aliinama. Kwenye rangi iliyopauka kwa miaka ya jua, mahali nembo ilipokuwa imekaa, rangi ilikuwa bado mbichi kama siku ilipotoka kiwandani. Neno lilikuwa palepale, kama alama ya pete kwenye kidole cha mjane.

"Harland," alisoma.

"Nembo inaondoka, kivuli chake kinabaki. Twende la pili."

La pili: Harland. La tatu, Harland. La padri, Harland, na chini yake kivuli cha samaki wa plastiki ambaye padri alikuwa amesahau kwamba aliwahi kuwa naye. Watu walianza kusoma kwa sauti, wote pamoja, kama darasa la kwanza. Paka mwekundu alifuata nyuma kuona kama kuna kilichobaki.

Walifika langoni.

"Mzee Chet, lisogeze mbele kidogo tuone nyuma."

"Hilo ni jipya, mama," alisema Chet. "Halijapauka. Halitakuwa na kivuli."

"Kweli. Gari jipya halina kivuli. Kwa hiyo hili ndilo gari pekee hapa ambalo hakuna anayeweza kuapa kwamba lilikuwa na nembo ya Harland."

Verlin alicheka.

"Sajini, sisi tumejenga haya magari. Tungejua. Nimekufungulia mlango, umesikia mwenyewe."

"Nyuma ya kila gari pana barafu ya kahawa," alisema Lorna. "Nyuma ya hili hapana. Hili lilikuja hapa likiwa limeshavuliwa nyumbani, taratibu, mahali penye joto. Mzee Chet, fungua mlango. Na hiyo soksi ya usukani, ivue."

Chet alitazama bendera yake. Akaiegemeza kwenye uzio, akafungua mlango, akaingiza mkono. Sufu ilikuwa imekazwa. Ilitoka polepole kama jurabu kwenye mguu uliovimba. Katikati ya usukani palikuwa na ndege mdogo wa fedha, mabawa wazi.

Kestrel.

Mjumbe mmoja wa kamati alivua kofia.

"Ni nyonga," alisema Chet. "Daktari alisema nisipande tena gari la juu, na Harland za sasa zote ni ngazi. Tulizunguka kila mahali. Dolores akakaa kwenye hili, akasema Chet, hebu kaa. Nikakaa. Sikuumwa. Tangu vuli sikuwa nimekaa mahali nisiumwe."

"Ungeegesha ng'ambo kwa dobi," alisema Verlin.

"Nikiwa nimevaa kizibao? Mimi niliyemvuta padri mwaka ule na gari la kuazima? Nilivua nembo nikasema nitasimamisha karibu na uzio. Halafu nikaona, gari moja lisilo na nembo kati ya magari yote haya ni kama jino moja lililong'oka. Watu wangeuliza. Basi nikaona yang'oke yote. Chupa ya chai ninayo, birika liko wazi, hakuna anayeniuliza kwa nini ninajaza. Sikukwaruza hata moja, Verlin. Nembo zote ziko nyumbani kwenye sanduku la ndoana. Kila moja nimeifunga karatasi laini."

"Isipokuwa moja," alisema Lorna.

"Iliniponyoka mfukoni nilipokuwa najaza."

Irena alisogea mpaka mbele yake. "Wiki nzima wananiita mwizi, kaka Chet. Ulikuwa unangoja nini?"

"Nilikuwa niseme leo."

"Leo saa ngapi?"

Chet alitazama viatu vyake. "Baada ya samaki."

"Na hao samaki, ufunguo ukishachukuliwa, angekaanga nani?"

Chet alivua kizibao, akakikunja mara mbili, akamnyooshea Verlin.

Verlin alikipokea. "Kamati itapiga kura," alisema. "Kuna kanuni. Mtu aliyeleta Kestrel ndani ya uwanja huu—"

"Kabla hujapiga," alisema Irena, "nani hapa hajakaa kwenye kile kiti?"

Paka alipiga miayo.

"Inueni mikono. Asiyekaa." Hakuna mkono. "Verlin, wewe ulikaa mpaka pai yako ikapoa, nikakuletea humo humo. Ulikula pai ya cheri ndani ya Kestrel, ukaniambia, Irena, sikiliza mlango huu."

Uso wa Verlin uliiva mpaka masikioni. Alitazama kizibao, akatazama wajumbe wake, nao walikuwa wanatazama mahali mbalimbali.

"Mlango," alisema mwishowe, "labda walimwajiri mtu wetu mmoja."

"Labda," alisema Lorna.

"Mlalamikaji ni kila mwenye gari," Lorna aliendelea. "Mimi nitaandika vile mtakavyosema. Mnataka nimpeleke kituoni?"

Walikwenda pembeni kunong'ona. Hawakukawia, baridi ilikuwa inawasaidia kufikiri. Verlin alirudi akamrushia Chet kizibao kifuani.

"Utazirudisha zote kwa mkono wako. Zikae sawa."

"Hazijawahi kukaa upande," alisema Chet.

"Na hilo lidudu lako liende ng'ambo kwa dobi kama ya wengine wote. Leo hii."

"Na dada yangu," alisema Irena.

"Dada yako nini?"

"Anaombwa radhi. Nyote. Kwenye foleni, mbele ya padri."

Verlin alikubali kwa kichwa. Irena aliutia ufunguo ndani ya aproni, akawageuzia mgongo. "Mafuta yangu yanaungua," alisema, akaenda.

*

Samaki walitoka kwa wakati. Dada yake Irena aliombwa radhi kwenye foleni na watu watano waliojipanga, na padri, ambaye hakuwa mjumbe, akaomba pia kwa mazoea. Lorna alikula sahani yake karibu na dirisha, akatoa uzi wa mnanaa kikapuni, akatumia.

Irena alikuja na birika dogo. "Nikujazie?"

"Asante, nimetosheka."

Nje, ng'ambo ya barabara, mbele ya duka la dobi, gari la buluu lilikuwa limeegeshwa peke yake. Taa yake ya ndani iliwaka. Lorna aliwaona watu watatu wa kamati ndani, sahani magotini, na Verlin kwenye kiti cha dereva. Alifungua mlango. Akaufunga. Akakaa kidogo, ameinamisha kichwa, akaufungua tena.

"Wamekwenda kumwangalizia lisiibiwe," alisema Irena.

"Naona."

Irena aliinua kifuniko cha birika kubwa la ukumbini, akachungulia ndani, akakirudisha kwa upole.

"Leo kahawa imebaki," alisema.

"Kiasi gani?"

"Yote."